Uzi: Retingi 1560 dhidi ya 2085, na askari mmoja aliyesogea kutoka g6 hadi g5

MgeniWaUbao, Tororo

Ndugu zangu wa sataranji, habari zenu. Naufungua uzi huu kwa ajili ya mchezo mmoja tu, niliocheza katika raundi ya kwanza ya mashindano ya siku mbili mjini Kampala, na ninaomba tuujadili bila kunipongeza, kwa sababu pongezi nimezipata za kutosha kwenye simu na hakuna hata moja iliyonifundisha kitu. Retingi yangu, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, ilikuwa 1560. Ya mpinzani wangu ilikuwa 2085. Tulimaliza kwa sare katika hatua ya 78, baada ya karibu saa nne. Wenzangu wa nyumbani wanasema nilimbana mkubwa. Yeye mwenyewe, tulipokuwa tunatia sahihi karatasi, alisema ni bahati. Mimi sikubaliani na kauli yoyote kati ya hizo mbili, na ndiyo maana nimekuja hapa.

Kwanza niwaeleze tulivyokutana, maana wapo walioniuliza kwa nini mtu wa 1560 apangiwe mtu wa 2085. Tulikuwa wachezaji 40 na mashindano yalifuata mfumo wa Kiswisi. Orodha hupangwa kwa retingi, hukatwa katikati, kisha katika raundi ya kwanza namba 1 hukutana na namba 21, namba 2 na namba 22, na kuendelea hivyo mpaka chini. Mimi nilikuwa namba 27, nikaangukia kwa namba 7. Hakuna aliyenionea. Kila mmoja alikuwa na dakika 90, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua.

Nilipewa kete nyeupe. Nikacheza askari d4 (yaani mraba wa safu ya d, mstari wa nne), farasi f3, askofu f4, kisha e3 na h3, mpangilio ambao ninaupenda kwa sababu ya uvivu, kwa kuwa unanipatia hatua nane hivi bila kuumiza kichwa. Yeye akajibu kwa g6, askofu g7, d6 na farasi f6, akamficha mfalme wake nyuma ya askari hao, na hakugusa katikati ya ubao kwa muda. Nilimwelewa. Mchezaji mkubwa anapokutana na mdogo hapendi nafasi iliyonyooka, ambamo hata mtu kama mimi anaweza kucheza hatua kumi nzuri mfululizo. Hupenda mchezo mrefu wenye kete nyingi ubaoni, ili mdogo apate nafasi za kutosha za kukosea. Mkumbukeni huyo askofu wa g7, kwa sababu aliishi mpaka mwisho.

Ila alifanya haraka. Alinishambulia upande wa mfalme kabla kete zake hazijawa tayari, askari wetu wa f wakabadilishana, nami nikapitia safu ya c na kula askari mmoja bila malipo. Baada ya hatua ya 26, nikiwa ninawaza hatua inayofuata na saa yangu ikitembea, aliinama kidogo akasema, "Sare?" Nilikuwa nimebakiwa na dakika 11, yeye 34. Nikatikisa kichwa kukataa.

Hatua nne baadaye niliipeleka ngome yangu a7 kula askari wa pili. Mfalme wangu alikuwa g1, farasi wangu alikuwa c4, askari wangu wa f hakuwapo tena, na ulalo wote kutoka g1 mpaka a7 ulikuwa mtupu. Malkia wake akatua d4. Upande mmoja alimpa mfalme wangu cheki, yaani alimtishia, upande wa pili aliitazama ngome yangu, na sote watatu tukawa tumepangwa kwenye mstari mmoja kama nguo kwenye kamba. Ngome ikaenda.

Kilichoniokoa nisisalimu amri palepale ni askari wangu wa b, ambaye alikuwa amebaki bila wa kumzuia na farasi wa kumsindikiza. Malkia walibadilishwa, askari akafika b7, na ikambidi mpinzani aitoe ngome yake ili kumkomesha. Askari wangu wa upande wa mfalme nao waliliwa mmoja baada ya mwingine. Tukafika hatua ya 63 tukiwa hivi: mimi mfalme g2 na farasi f3, basi, yeye mfalme f5, askofu d6, askari g6 na h5. Zamu ilikuwa yake, na saa yake ilionyesha dakika mbili na sekunde chache. Akamsogeza askari wa g6 mpaka g5.

Farasi wangu akamla askari huyo. Mfalme wake akamla farasi wangu. Nikabaki na mfalme peke yake dhidi ya askofu na askari, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kunishinda.

Swali langu la kwanza ni kama nilikosea kukataa sare ile ya hatua ya 26. La pili ni hili la bahati.

NgomeYaPili, Jinja

Ndugu Mgeni, nimeusoma mara mbili na bado kuna mahali sijapaelewa. Unasema ulibaki na mfalme mtupu, naye ana askofu mzima na askari anayekimbia kuwa malkia. Mimi nimefundishwa kwamba askari akifika mwisho mchezo umekwisha. Hebu tuelezee sisi tuliojifunzia mchezo huu kando ya drafti.

MwalimuWaKete, Mbale

Nitamjibu Ngome, kwa kuwa ni jambo ninalolifundisha kila muhula na ambalo kila muhula husahauliwa.

Askari wa h wa kete nyeusi anakwenda kuwa malkia kwenye mraba wa h1. Mraba huo ni mweupe. Askofu aliyebaki ni yule aliyeanza g7, naye hutembea kwenye miraba myeusi peke yake tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho. Hawezi kuikanyaga h1 wala kuitishia, hata ukimpa hatua elfu. Mfalme mweupe akishafika h1, hakuna kete ya kumtoa humo: mfalme mweusi hawezi kumsogelea mwenzake, na askofu anapita kando tu. Wakijaribu kumbana zaidi, mfalme mweupe anakosa mraba wa kwenda huku hana cheki, na kwa kanuni hiyo ni sare. Askofu huyo angekuwa wa miraba myeupe, au askari huyo angekuwa wa safu ya g, Ndugu Mgeni angesalimu amri na kuwahi taksi ya Tororo.

Hayo ni ya vitabuni. Mimi nilichokipenda zaidi ni hatua moja kabla, nami nawaomba mpange nafasi hiyo ubaoni. Farasi daima huruka kutoka mraba wa rangi moja kwenda mraba wa rangi nyingine. Askari wa g6 yuko kwenye mraba mweupe, kwa hiyo farasi anayetaka kumla lazima kwanza asimame kwenye mraba mweusi. Miraba hiyo iko sita: e5, f4, e7, f8, h4 na h8. Sasa mtazameni askofu wa d6. Kutoka hapo alipo anaichunga e5, f4, e7 na f8. Minne kati ya sita imefungwa na kete moja! H8 iko mbali. Imebaki h4 peke yake, na farasi wa f3 anaweza kuruka h4 kwa hatua moja, akampa cheki mfalme wa f5 na kumtazama askari wa g6 kwa wakati mmoja.

Mpinzani aliiona hatari hiyo. Sina shaka hata kidogo, kwa sababu askari akiwa g5 anailinda h4. Alikuwa anajibu tishio la kweli kwa hatua inayoonekana ya kawaida kabisa, inayosogeza askari mbele na kuzuia cheki. Ila g5 ni mraba mweusi. Kwa kumsogeza askari hapo alimtoa mahali ambapo askofu aliyafunga karibu mapito yote ya farasi, akamweka mahali ambapo farasi humfikia kutokea miraba myeupe, ambayo askofu haioni. Farasi alikuwa tayari amesimama kwenye mmojawapo wa miraba hiyo.

Hatua niliyoitarajia mimi ni mfalme g4. Mfalme mwenyewe anailinda h4, askari anabaki g6, na farasi hana pa kuingilia. Mimi naamini angeshinda.

Afande_Mstaafu, Gulu

Nimesoma maelezo ya Mwalimu na ninayaheshimu. Lakini naomba kusema wazi. Mtu wa 2085 anaijua sheria ya askofu na askari wa h kabla hajafika 1600. Hakushindwa kujua, alishindwa kukumbuka, akiwa na dakika mbili na njaa ya saa nne. Huko ndiko kunaitwa bahati. Kijana aliteleza hatua ya 30 akaanguka, mwenzake akateleza hatua ya 63 akaanguka juu yake.

Jambo la pili. Mpinzani alipendekeza sare wakati saa yako inatembea. Utaratibu ni kwamba mchezaji acheze hatua yake kwanza, kisha apendekeze sare, kisha abonyeze saa. Pendekezo la nje ya utaratibu bado ni halali na ulikuwa na haki ya kulikubali, lakini kumsumbua mtu anayefikiri ni kosa ambalo mwamuzi anaweza kulishughulikia. Ulipaswa kusimamisha saa na kumwita mwamuzi. Vijana wa retingi ndogo huona haya kumwita mwamuzi mbele ya mkubwa, na haya hiyo ni zawadi kwa mkubwa.

MgeniWaUbao, Tororo

Afande, hilo la haya ni la kweli na limenigusa. Kwa nje nilitikisa kichwa, lakini kwa ndani sikuwaza ubao tena kwa muda wa kama dakika tatu. Niliwaza, "Huyu mtu ananiogopa." Dakika tatu kati ya kumi na moja. Ngome iliyokwenda a7 ilitoka kwenye wazo hilo. Nilikuwa nimeanza kujiona ninashinda, na mtu anayejiona anashinda hula kila askari anayemwona.

Lakini kuhusu bahati sijakubali. Farasi wangu hakusimama f3 kwa kubahatisha. Tangu hatua ya 55 hivi nilijua kwamba nimeshindwa, na kwamba njia pekee iliyobaki ni kumtoa farasi kwa askari wa g, kwa hiyo kwa hatua nane nilikuwa ninamzungusha nikitafuta mraba wa kumrukia askari huyo, na kila mara askofu alikuwa amenitangulia. Ile f3 ilikuwa jaribio la nne.

HesabuNaUbao, Kampala

Dada yenu nimechelewa kuingia, samahani. Ningependa kulirudia swali la kwanza, la kukubali au kukataa sare, maana watu wengi hulijibu kwa kutaja retingi na sidhani kama wamewahi kuipiga hesabu.

Mfumo huu wa retingi ulibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia huko Milwaukee, Marekani, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, wakauchukua mwaka 1970. Kiini chake ni makadirio: ukichukua tofauti ya retingi mbili, unapata sehemu ya pointi ambayo kila mchezaji anatarajiwa kuipata. Tofauti ya 200 humpa mkubwa 0.76. Kati ya Ndugu Mgeni na mpinzani wake tofauti ilikuwa 525, lakini kwa wachezaji wa ngazi yetu tofauti inayozidi 400 huhesabiwa kama 400, na kwenye jedwali la FIDE tofauti hiyo ni 0.92 kwa mkubwa na 0.08 kwa mdogo. Kama kizidisho chake (namba inayozidisha pengo kati ya alichopata na alichotarajiwa, ushindi ukiwa 1 na sare 0.5) ni 20, ambacho ndicho cha mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 na hajafika 2400, basi kushindwa kungemgharimu 1.6, sare imempa 8.4, na ushindi ungempa 18.4.

Ndipo watu husema: "Sare dhidi ya mkubwa ni pointi 8.4 za bure, chukua uondoke." Tazameni tena. Kutoka sare kwenda ushindi ni pointi 10 juu. Kutoka sare kwenda kushindwa ni pointi 10 chini. Umbali ni uleule pande zote mbili, na ungekuwa uleule hata kama mpinzani angekuwa na 1560 kama yeye, au 1300. Ukubwa wa mpinzani tayari umelipwa kwenye ile 8.4, na hauna kauli tena katika uamuzi wa kuendelea au kuacha. Swali linalobaki ni lilelile la kila siku: kutoka nafasi hii, kwa saa hizi, ni nani kati yetu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushinda?

Kwa hiyo mimi sitamwambia Ndugu Mgeni kwamba alikosea kukataa sare kwa sababu mpinzani alikuwa 2085. Nitamuuliza tu kama dakika 11 dhidi ya 34 zilimtosha.

NgomeYaPili, Jinja

Dada Hesabu, ninakushukuru, lakini kuna kitu kinanisumbua hapo. Unasema ukubwa wa mpinzani hauna kauli tena. Mbona katika swali lako la mwisho unarudi kwa mlango wa nyuma? "Ni nani kati yetu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushinda" ni swali la watu wawili wale wale, na mmoja ana miaka mingi ya kushinda nafasi za namna hiyo.

HesabuNaUbao, Kampala

Umenipata, na ninakubali kwa sehemu. Unarudi, ila hauji kama namba. Unakuja kama dakika ambazo mkubwa hazitumii kwa sababu ameshaiona nafasi ya namna hiyo mara mia, na kama mikono inayojua kuvuta muda katika nafasi mbaya. Askari mmoja wa ziada mikononi mwa 1560 si sawa na askari huyohuyo mikononi mwa 2085. Hapo ndipo ningeitafuta 525 yote, na si kwenye jedwali.

Niongeze jambo dogo ambalo linawachanganya wengi wanaolinganisha michezo ya zamani na ya sasa. Machi 2024 FIDE waliwapandisha wachezaji wote walio chini ya 2000, kila mmoja kwa asilimia 40 ya pengo lake mpaka 2000, na kiwango cha chini kabisa kikawa 1400. Aliyekuwa na 1200 aliamka na 1520. Aliyekuwa juu ya 2000 hakuguswa.

MgeniWaUbao, Tororo

Huyo wa 1200 aliyeamka na 1520 ni mimi. Pengo kati yangu na huyu bwana lilikuwa karibu 900, likapunguzwa kwa kalamu bila mimi kujifunza hatua hata moja. Mke wangu alisema angalau mara hii serikali ya mchezo imewakumbuka maskini.

MwanafunziWaKatwe, Kampala

Naomba kuchangia kama mtu aliyejifunza mchezo huu mtaani, si mbali na pale Robert Katende alipowafundisha watoto wa Katwe, akiwamo Phiona Mutesi, ambaye baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012 alipata taji la FIDE. Sisi tulilelewa kwa fikra tofauti na hii ya kungoja mwishoni. Tuliambiwa kwamba mkubwa asiachwe apumue. Ukimpa mchezo mrefu atakula taratibu kama mchwa. Ukitaka mfano wa juu, kumbukeni Oktoba 2023 huko Qatar, Alisher Suleymenov wa Kazakhstan mwenye 2512 alipomshinda Magnus Carlsen, ambaye retingi yake ilikuwa zaidi ya 300 juu yake. Hakukaa kungoja askofu wa rangi mbaya. Alishambulia, na mfalme wa Carlsen akakosa pa kukimbilia.

Kwa hiyo mimi ningependa kusikia kwa nini Ndugu Mgeni, akiwa na askari wa ziada na mpinzani aliyevunja ukuta wake mwenyewe kwa kumsukuma askari wa f, hakumgeukia mfalme wa g8 badala ya kwenda kuokota askari wa a7.

MwalimuWaKete, Mbale

Mwanafunzi, mfano wako ni mzuri lakini una mguu mmoja. Suleymenov ni mtu wa 2512; mashambulizi yake yalikuwa na hesabu nyuma yake. Tunasahau kwamba orodha ya walioshambulia wakubwa wakapotea ni ndefu kuliko ya walioshinda, na haisimuliwi kwa kuwa haina hadithi. Mwaka 2015, kwenye Kombe la Dunia huko Baku, Arthur Ssegwanyi wetu alipangiwa Anish Giri wa Uholanzi katika raundi ya kwanza, pengo la zaidi ya pointi 400, kwa sababu ileile ya orodha: wa chini hukutana na wa juu. Giri ndiye aliyesonga mbele. Je, kulikuwa na ufunguzi au ushujaa ambao ungelifuta pengo hilo? Mimi sidhani.

Hata hivyo nakuunga mkono katika swali lako la mwisho. Mchezaji mdogo akipata nafasi nzuri dhidi ya mkubwa, kosa lake la kawaida si woga. Ni kubadilisha mchezo wake. Ama anaanza kubadilishana kete zote akitafuta sare, ama anaanza kuokota askari akidhani ameshashinda. Ndugu Mgeni dhidi ya mtu wa 1500 asingeipeleka ngome a7 bila kuuangalia kwanza ulalo wa g1. Nina hakika, kwa sababu nimeshacheza naye na hajawahi kunipa kitu cha namna hiyo.

Afande_Mstaafu, Gulu

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hiyo ngome ya a7 ilikimbia sakafuni.

Lakini nimepanga nafasi ile ya hatua ya 63 mezani kwangu, kama Mwalimu alivyoagiza, na nimekaa nayo jioni nzima. Nimemwita mjukuu wangu acheze na farasi. Ninalegeza msimamo wangu kwa kiasi. Farasi anapokuwa f3 hatua sahihi si rahisi kuipata kwa dakika mbili: lazima uione h4, halafu uache kuizuia kwa askari, ambaye yuko karibu, na uizuie kwa mfalme. Macho yanaona askari kwanza. Mimi mwenyewe niliona g5 kwanza, na sikuwa na saa inayotembea.

Bado ninaita bahati. Ila ni bahati ya mtu aliyetega.

NgomeYaPili, Jinja

Mzee wangu hapa Jinja anacheza omweso, bao la kwetu Uganda, tangu ujana wake, na nilipomweleza habari ya retingi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Kwenye omweso, alisema, watu huketi kuzunguka mbao na kila mmoja anajua nani ni nani, lakini akishaketi mbele yako hujui kama leo amelala vizuri. "Ninyi mmeandika ukubwa wa mtu kabla hajaketi. Nani alimwogopesha kijana wenu, ni yule mtu au ni ile karatasi iliyobandikwa ukutani?"

Ndugu Mgeni, hebu mjibu mzee.

MgeniWaUbao, Tororo

Mpe salamu zangu nyingi. Ilikuwa karatasi, mpaka hatua ya 26. Tangu aliponiomba sare nikaacha kuiogopa karatasi, na hapo ndipo nilipoharibu. Ningekuwa bado ninaiogopa, ngome isingekwenda a7. Kuanzia hatua ya 55 sikumbuki kama niliiwaza tena. Nilikuwa ninawaza miraba sita tu, ileile aliyoitaja Mwalimu, ingawa wakati ule sikujua kwamba iko sita. Nilijua tu kwamba kila nilipotaka kuingia askofu alikuwa ameshafunga mlango.

Na kwa Dada Hesabu: hapana, dakika 11 hazikunitosha. Kama ningekuwa na dakika 34 zake ningekataa sare tena. Kwa dakika 11, nikiangalia sasa, nilipaswa kuichukua.

Nimalizie na kilichotokea baada ya mchezo, kwa kuwa nilimtaja mpinzani kwa neno lake la "bahati" na nisingependa mbaki na sura hiyo peke yake. Aliendelea kucheza hatua 14 baada ya kumla farasi wangu, akamleta mfalme mpaka g3 na askari mpaka h3, mimi nikiwa h1, kisha akampeleka askofu c5, na mfalme wangu akakosa mraba wa kwenda. Alisema neno lake, akatia sahihi, akatoka nje. Baada ya kama robo saa alirudi na chupa mbili za soda na kunivuta kwenye meza ya pembeni. Akapanga ile nafasi ya hatua ya 63, akamrudisha askari g6, akampeleka mfalme g4, akasema, "Sasa cheza."

Tulicheza nafasi hiyo mara tano. Mara zote tano nilishindwa.